Safu ya Ushauri: Bendi Ni Mpya, Nyimbo Zinazotakiwa Ni za Zamani

Mpendwa Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mpiga gitaa la besi mwenye umri wa miaka 44, mkazi wa Nairobi, na muziki wa roki nimeupiga tangu nilipomaliza shule, kwanza kwenye kumbi za vyuo na baadaye kwenye baa za Westlands na Ngong Road, hadi bendi yangu ilipovunjika kimyakimya baada ya wenzangu wawili kuhamia ng'ambo. Mwanzoni mwa mwaka huu tulikutana watu wanne, kila mmoja akiwa ametoka kwenye bendi iliyokuwa na jina lake hapa mjini, tukaamua kuunda bendi mpya ya roki nzito. Mpiga solo ana miaka 47 na ndiye mkubwa wetu, mpiga dramu ana miaka 42, na mwimbaji ni dada wa miaka 39 ambaye sauti yake, kusema kweli, ndiyo iliyonifanya nilitoe gitaa langu mfukoni baada ya kulilaza miaka minne.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa raha tupu. Mpiga dramu alibadilisha mpigo katikati ya wimbo bila kumwonya mtu, na sote tukageuka naye kana kwamba tumekulia nyumba moja. Sasa miezi sita imepita, na Jumanne jioni, ambayo ndiyo siku yetu ya mazoezi, imekuwa siku ninayoiogopa.

Shida ya kwanza ni nyimbo. Mpiga solo huja na nyimbo zilizokwisha kukamilika, amezirekodi nyumbani kwa kompyuta pamoja na sehemu za besi na za dramu, na sisi kazi yetu ni kuziiga. Nyimbo hizo ni tatu. Wimbo wa nne ulizaliwa chumbani mwa mazoezi: nilikuwa nachezacheza kipande kifupi kwenye waya mnene wa besi wakati mpiga dramu akikaza ngozi za dramu zake, dada akaanza kuimba maneno aliyokuwa ameyaandika nyuma ya risiti ya supamaketi, mpiga solo akaingia na gitaa kwenye kiitikio, na baada ya nusu saa tukawa na wimbo ambao nauona kuwa bora kuliko yote tuliyo nayo. Juzi niliona faili ya wimbo huo imetumwa kwa prodyuza, na mahali pa mtunzi pameandikwa jina la mpiga solo peke yake. Nilipomuuliza alisema kwamba yeye ndiye aliyeupanga, na kwamba huko alikotoka wimbo wake ulisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo amejifunza kutochelewa.

Shida ya pili ni onyesho. Mwenye klabu mmoja ametupa usiku mmoja mwezi wa Desemba kwa sharti kwamba bango litaje majina ya bendi zetu za awali na kwamba nusu ya onyesho iwe nyimbo za zamani. Mpiga solo na mpiga dramu wamekubali, dada amekataa katakata, nami nimebaki katikati. Isitoshe, mtu aliyekuwa na mpiga solo katika bendi yake ya awali amekwisha kumtumia ujumbe akimkataza kulitumia jina hilo.

Wiki iliyopita niliweka simu juu ya spika ikarekodi mazoezi yote. Nilipoisikiliza nyumbani nikagundua kwamba katika saa tatu tulizolipia chumba, wimbo wetu mpya tuliupiga kwa dakika 25 tu. Muda uliobaki ulikwenda kwenye nyimbo za zamani, kumsubiri mpiga dramu, ambaye hupiga na bendi ya hoteli ili apate riziki na mara nyingi huchelewa, na kubishana juu ya sauti, kwa maana mpiga solo huongeza amplifaya yake mpaka mimi sijisikii tena. Dada husema mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tuko wanne.

Je, tukubali onyesho hilo? Nyimbo tuzigawane vipi? Au niondoke mapema, kabla urafiki haujaharibika?

Mpiga Besi, Nairobi

*

Ndugu Mpiga Besi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye maneno uliyoyapita haraka: kwamba wimbo wa mpiga solo uliwahi kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Wewe umeyaandika kama kisingizio chake, ilhali mimi nayaona kuwa mzizi wa karibu kila jambo ulilolitaja baada yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu huyu hutunga nyumbani, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kisha huwaletea kazi iliyokwisha ili pasiwe na nafasi ya mtu mwingine kudai chochote. Na pale wimbo ulipozaliwa mbele yenu nyote, alikimbia kuuandikisha kabla hamjauandikisha ninyi. Aliyotendewa akawatendea. Sisemi kwamba alifanya haki, kwa sababu hakufanya, lakini ukimwendea kwa maneno ya kumwita mwizi atajilinda kama alivyozoea, ilhali ukimwendea na karatasi inayolinda nyimbo zake tatu pamoja na huo mmoja wa kwenu, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kutia sahihi.

Kwa hiyo nitaanza na nyimbo, na onyesho litafuata. Kupanga wimbo ni kazi kubwa, nami siidharau, lakini haimfuti aliyeleta sauti ya kwanza wala aliyeandika maneno. Kwa maelezo yako, wimbo huo una besi yako, una maneno ya dada, una kiitikio ambacho gitaa lilichangia, na una mpigo ambao bila shaka ndio uliowafanya mwendelee kwa nusu saa badala ya kuacha. Katika sheria ya Kenya, hakimiliki huanza pale kazi inapowekwa katika umbo la kudumu, kama vile kuandikwa au kurekodiwa, na usajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, ni hiari, ingawa cheti chake ni ushahidi unaosaidia sana mkifika kwenye ugomvi. Hakimiliki hiyo hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na kwa kazi ya watunzi wa pamoja huhesabiwa kutoka kifo cha yule wa mwisho, maana yake ni kwamba jina linaloandikwa kwa haraka kwenye faili ya prodyuza leo linaweza kuwagombanisha watoto wenu. Ile risiti ya supamaketi, kama dada bado anayo, aitunze. Na kama kuna rekodi ya simu ya siku ile wimbo ulipozaliwa, msiifute.

Mtagawana vipi? Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ni mfano ninaoupenda, na si kwa sababu tu kwamba mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Kwa miaka mingi katika bendi ile kila mtu aliandikwa kwa wimbo alioutunga mwenyewe, na mwaka 1975, "Bohemian Rhapsody" ya Mercury ilipotoka kwenye sahani ya santuri, upande wa pili uliwekwa wimbo wa mpiga dramu wao, Roger Taylor, unaohusu gari. Kwa kuwa sahani ni moja, kila aliyenunua wimbo wa Mercury alimlipa Taylor kiasi kilekile kama mtunzi, na jambo hilo lilizua manung'uniko ya muda mrefu baina yao. Kufikia albamu yao ya mwaka 1989 waliamua kuandika nyimbo zote kwa jina la bendi. Utaona kwamba waliofanya hivyo walikuwa watu waliokwisha kuwa matajiri, na bado iliwachukua zaidi ya miaka 15 kufika hapo.

Mimi lakini sikushauri uige uamuzi huo mzima. Wako wanaosema kila wimbo ugawanywe robo kwa robo, basi, yaishe; huo ni urahisi unaomdhulumu anayekesha na kompyuta yake. Nyimbo tatu za mpiga solo ni zake, na iandikwe hivyo. Ikiwa baadaye mtazibadilisha kwenye mazoezi, kwa mfano dada akiandika maneno mapya ya ubeti, basi fungu litengwe kwa mabadiliko hayo, tuseme nusu ibaki kwa aliyeleta wimbo na nusu igawanywe kwa wote. Wimbo uliozaliwa chumbani ugawanywe sawa kwa watu wanne, na kila utakaozaliwa hivyo ufuate njia hiyohiyo. Jambo la maana kuliko asilimia yenyewe ni wakati wa kuiandika: usiku uleule, kabla vyombo havijafungwa, kwenye daftari moja lenye tarehe na sahihi nne. Wimbo ambao haujaingiza shilingi ni rahisi kuugawa.

Kuna kitu kingine ambacho hukuuliza, lakini kinawakabili kwa kuwa mmekwisha kuwa na prodyuza. Haki ya wimbo ni moja na haki ya rekodi ya wimbo huo ni nyingine, na sheria yetu humhesabu kuwa mwenye rekodi yule aliyefanya mipango ya kuifanya irekodiwe. Nani analipa studio? Kama ni mpiga solo kwa pesa zake, anaweza kujikuta anamiliki sauti zenu zote bila hata kukusudia. Mpiga gitaa wa Uingereza, Jimmy Page, alilijua hilo mapema. Alipounda bendi ya Led Zeppelin mwaka 1968, akiwa ametoka kupiga katika studio za London kwa miaka na kisha katika bendi ya Yardbirds, aliilipia mwenyewe albamu ya kwanza, iliyorekodiwa kwa takriban saa 36 tu za studio, ili kampuni isiwe na la kuwaamulia. Kwake ilifaa, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa vijana ambao bado hawajajulikana. Ninyi ni wakongwe wanne. Changeni sawa, hata kama itabidi mrekodi wimbo mmoja badala ya tatu.

Tuje kwenye onyesho la Desemba. Hapa nasimama na dada, ingawa si kwa ukali wake. Mwaka 1969 mpiga gitaa Eric Clapton na mpiga dramu Ginger Baker, waliotoka bendi ya Cream, waliungana na Steve Winwood wa Traffic na Ric Grech wa Family, wakaunda Blind Faith. Onyesho lao la kwanza lilikuwa Hyde Park, London, mwezi Juni mwaka huo, mbele ya umati unaokadiriwa kuwa watu 100,000, wakati nyimbo zao wenyewe hazikutosha kuijaza jioni. Walipokwenda Marekani watazamaji walitaka nyimbo za Cream, nao wakawapa. Albamu yao ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, na kabla ya mwaka kwisha bendi ilikuwa haipo. Haikuvunjwa na hilo peke yake, lakini bendi inayopigiwa makofi kwa sababu ya bendi nyingine haipati nafasi ya kujua yenyewe ni nani.

Linganisha na bendi ya Audioslave. Watatu walitoka Rage Against the Machine, na mwimbaji wao, Chris Cornell, alitoka Soundgarden. Kila upande ulikuwa na nyimbo ambazo zingejaza uwanja wowote. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2002, na kwa miaka mitatu hivi walipiga nyimbo zao mpya bila kugusa za bendi zile za awali. Walianza kuzipiga mwaka 2005, walipokuwa tayari na albamu ya pili mkononi, na wakati huo zilikuwa zawadi kwa watazamaji wala hazikuwa kodi ya kuingilia mlangoni. Nao hawakuwa malaika. Cornell aliwahi kuondoka kabla hata albamu ya kwanza haijatoka, kwa sababu pande mbili zilikuja na mameneja tofauti waliovutana, akarudi baada ya wote kuwaacha mameneja hao. Hata jina walilolichagua lilikuwa tayari na wenyewe, bendi nyingine ya Liverpool, ikabidi wakubaliane nayo kwa malipo.

Jibu langu basi ni kwamba mwende kwa mwenye klabu mkiwa na pendekezo lenu. Mwambieni mtapiga dakika 40 badala ya saa mbili, mkitanguliwa na bendi ya vijana, ambao roki ya Nairobi haijawahi kuwakosa; nyimbo tano au sita mpya, na mwishoni wimbo mmoja wa zamani kutoka bendi ya mmoja wenu, mkiwa mmeupanga upya ili ulingane na sauti ya dada. Nyimbo mpya mnazo nne. Miezi iliyobaki inatosha kuongeza mbili, ikiwa zile dakika 25 ulizozihesabu zitakuwa saa mbili. Akikataa, mwacheni. Klabu ziko nyingi, na mwenye klabu aliyetaka usiku wa kumbukumbu atawaita tena kwa usiku wa kumbukumbu, mpaka siku watu watakapochoka kukumbuka.

Kuhusu jina msibahatishe. Ujumbe aliotumiwa mpiga solo si wivu wa kupuuzwa. Page mwenyewe, baada ya Yardbirds kusambaratika, alizunguka nchi za Skandinavia mwezi Septemba 1968 na wenzake wapya kwa jina la bendi ile kwa sababu mikataba ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Waliporudi, mwenzake wa zamani, Chris Dreja, alimwandikia kumkataza kuendelea kulitumia, na mwezi uliofuata bendi ikawa na jina jipya ambalo hakuna asiyelijua leo. Bango liseme majina yenu ninyi wanne, ambayo hakuna wa kuwanyang'anya, pamoja na jina jipya la bendi. Kabla ya kulichapisha, litafuteni kwenye usajili wa majina ya biashara na kwenye taasisi ya KIPI inayosajili alama za biashara, na mlitafute pia kwenye huduma za muziki wa mtandaoni, ambako ndiko mtakakogongana na bendi ya nchi msiyoitarajia.

Mpiga dramu msimlaumu. Hoteli inasomesha watoto, bendi yenu bado. Mwulizeni ni siku gani hoteli haimhitaji, hata ikiwa Jumatatu asubuhi, na mhamie hapo.

Ugomvi wa sauti nao una dawa ambayo wakongwe wengi hawaijui kwa sababu waliukuta mtindo huu na kuurithi. Mpiga solo husimama hatua moja mbele ya amplifaya iliyowekwa sakafuni, kwa hiyo sauti yake inampiga miguuni na kuwapiga ninyi usoni. Yeye hajisikii, anaongeza. Siku ijayo iwekeni amplifaya hiyo juu ya kiti, spika ikimwelekea sikioni, kisha mwachieni apunguze mwenyewe. Nimeona mtu akipunguza nusu nzima bila kuombwa. Na nunueni vizibo vya masikio vya wanamuziki, wote wanne. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa usalama kazini wa Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na muda huo hukatwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka, hivi kwamba kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Chumba kidogo chenye dramu na roki nzito hufika hapo bila taabu. Mlikuwa humo kwa saa tatu.

Umeuliza kama uondoke. Bado. Umekaa miaka minne bila kuligusa gitaa, na ukiondoka sasa naamini litarudi mfukoni kwa muda mrefu kuliko huo. Ila usilizungumze jambo la wimbo mbele ya wenzenu siku ya mazoezi, maana yeye ni mkubwa wenu na kumsuta mbele ya watu kutamfunga mdomo na moyo pamoja. Mpigie simu, uombe kumtembelea nyumbani Jumapili, uende peke yako. Usianze na faili. Mwombe kwanza akusimulie ule wimbo wake uliosajiliwa kwa jina la mwingine: ulikuwa upi, aliutunga wapi, aligundua lini. Nina hakika hakuna aliyewahi kumuuliza. Msikilize mpaka amalize, hata chai ikipoa. Ndipo utoe daftari jipya, uandike ukurasa wa kwanza nyimbo zake tatu kwa jina lake, na kalamu umpe yeye aandike ukurasa wa pili.